Laptopu Ilipopatwa na Homa

Mimi niliyeshika kalamu hii ni katibu wa Chama cha Kiswahili, na makala haya nimeyaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwafunza wenzangu jinsi ya kuitibu tarakilishi inayopata joto kupita kiasi na kuzimika kila mara. Ya pili ni kulisahihisha kosa langu hadharani, kwa kuwa nililifanya hadharani.

Kabla sijaenda mbali, neno moja kuhusu jina. Vitabuni utakuta kipakatalishi, yaani tarakilishi ya kupakatwa mapajani. Lakini hapa shuleni kila mtu husema laptopu, hata mwalimu mlezi akijisahau. Kwa hivyo nitasema laptopu ili tuelewane upesi.

KISA CHENYEWE

Chama chetu kina laptopu moja tu. Tulipewa na mzazi mmoja ikiwa imeshatumika ofisini kwake kwa miaka mingi. Mashairi, insha, vitendawili na picha za mikutano yetu, vyote vimo humo. Ikifa, chama kimepoteza kabati lake.

Katika muhula wa kwanza wa mwaka 2025 nilikabidhiwa kazi ya kupiga chapa makala ya gazeti hili. Kazi yenyewe niliifanya alasiri baada ya masomo, katika chumba cha chama, kile chenye paa la mabati. Wanaoijua Voi mwezi wa Februari na Machi hawana haja ya kuelezwa. Mchana joto hupita nyuzi 30 za sentigredi, na vumbi letu jekundu, lile lile linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo, huingia hata mahali palipofungwa.

Sasa, kwetu nyumbani mama hakubali kitu cha thamani kikae bila kitambaa. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, makochi yote yana vitambaa vya kufuma. Nami kwa kuiga mazuri hayo nilichukua blanketi langu bwenini, nikalikunja mara nne, nikalitandika mezani, kisha nikailaza laptopu juu yake. Nilitaka isikwaruzike. Mwalimu mlezi alipopita alinisifu, "Huyu ndiye katibu!" Nami nikavimba kichwa.

Basi siku ya kwanza ikazimika. Ghafla tu, kioo giza tii! Stima ilikuwepo, maana taa ya chumba ilikuwa inawaka. Nikaiwasha, ikakubali, na baada ya dakika chache ikazimika tena. Siku ya tatu ilizimika mara nne. Mara ya nne ilikwenda na mashairi mawili niliyokuwa nimeyamaliza bila kuyahifadhi. Karatasi zake zilizoandikwa kwa mkono nilikuwa nimezitupa jaani, nikidhani kazi imekwisha.

Mashairi hayo yalikuwa ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili. Sitamtaja jina. Ndiye pia aliyekuwa ameleta flashi yake wiki hiyo kunakili picha za chama. Tulipokutana, mweka hazina aliuliza, "Kwani ni nani alichomeka flashi kwa hii mashini?" Macho yote yakamgeukia. "Ni virusi," nikasema mimi. Sikuwa na ushahidi hata chembe, lakini nililisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Mkutano ukaamua asiiguse tena laptopu, asihudhurie mikutano mpaka itengenezwe, na achangie gharama ya fundi. Kumbukumbu za mkutano huo niliziandika mimi kwa mkono wangu. Yeye alisema neno moja tu, "Sawa." Akatoka.

Hebu tazama mambo yalivyokuwa. Kijana alipoteza mashairi yake kwa uzembe wangu, kisha akahukumiwa juu yake.

DAFTARI LA MWALIMU WA FIZIKIA

Nilimpelekea mwalimu wa fizikia laptopu ile nikitaraji atatuwekea programu ya kuua virusi, mambo yaishe. Aliniuliza, "Mgonjwa akifika hospitali, daktari humpima kwanza au humpa dawa kwanza?"

"Humpima, mwalimu."

"Basi nyinyi mmeshatoa dawa. Tena nasikia mmempa asiye mgonjwa."

Sikuwa na jibu. Programu ile tuliiendesha, ikapekua kila faili pamoja na flashi ya yule kijana, isione kitu. Nikasema pengine virusi vimejificha. Mwalimu akacheka, akanipa daftari, akalichora safu nne: saa, mahali laptopu ilipokaa, kazi inayofanya, na dakika ilizokaa kabla ya kuzimika. Akaniambia, "Badilisha kitu kimoja tu kwa siku. Ukibadilisha viwili, hutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Na kabla ya kila jaribio iache ipoe kabisa." Haya ndiyo niliyoyaandika wiki hiyo:

Jumatatu, saa 9 alasiri, juu ya blanketi, nikipiga chapa: dakika 14.

Jumanne, saa 9 alasiri, juu ya blanketi, ikiwa katika ukurasa wa mipangilio ya mwanzo, kabla Windows haijaamka: dakika 19.

Jumatano, saa 9 alasiri, juu ya meza tupu, nikipiga chapa: dakika 41.

Alhamisi, saa 12 asubuhi, juu ya meza tupu, nikipiga chapa: haikuzimika mpaka kengele ilipolia, saa nzima.

Ijumaa, saa 9 alasiri, meza tupu, vifuniko 4 vya chupa za soda chini ya pembe zake, nikipiga chapa: dakika 65.

Someni daftari hilo polepole, kwa sababu ndani yake mna hukumu. Jaribio la Jumanne ndilo lililoniumiza. Laptopu unapoiwasha na kubonyeza kitufe maalumu, mara nyingi F2 au Delete, hufungua ukurasa wa mipangilio kabla ya Windows kuanza. Pale virusi vya kawaida, vinavyokaa ndani ya Windows, huwa bado vimelala. Hata hivyo laptopu ilizimika. Kwa hivyo flashi ya yule kijana haikuwa na hatia.

Tena tazameni Jumatatu na Jumatano. Saa ni ile ile, kazi ni ile ile, kilichoondoka ni blanketi tu, na muda ukaongezeka karibu mara tatu. Aliyekuwa akiikaba koo laptopu ya chama ni katibu mwenyewe.

JOTO LATOKA WAPI?

Ndani ya laptopu mna kidude kidogo, upana wake kama ukucha hivi, kiitwacho prosesa. Hiki ndicho kinachofanya hesabu zote. Umeme unaoingia humo hauishi hivi hivi. Karibu wote hugeuka kuwa joto. Laptopu nyingi za kawaida, zikifanya kazi nzito, prosesa yake hula wati 15 hadi 45. Mnakumbuka zile balbu za zamani za wati 40, ambazo ukigusa unaungua? Basi fikiria joto la balbu kama ile likitoka mahali padogo kama ukucha, ndani ya kisanduku chembamba kama kitabu.

Wala tatizo hili si la leo. Tarakilishi ya ENIAC, iliyoonyeshwa kwa umma kule Marekani mwaka 1946, ilikuwa na taa za vakyumu zaidi ya 17,000 na ilikula takriban kilowati 150. Hilo ni kama birika 75 za umeme, kila moja ya kilowati 2, zikichemka pamoja katika ukumbi mmoja. Ilibidi iwekewe mitambo ya kupuliza hewa. Tangu hapo tarakilishi zimekuwa ndogo, lakini joto halijawahi kuziacha.

Sasa joto hilo hutolewaje? Hapa mwalimu alituonyesha jambo ambalo sisi wa Voi tunaliona kila siku bila kulifikiri. Ndovu ni mnyama mkubwa na mwili wake hutoa joto jingi. Masikio yake ni mapana, ngozi yake pale ni nyembamba, na yamejaa mishipa. Damu ya moto hutoka mwilini ikaenda masikioni, ndovu akapunga masikio, upepo ukaipoza damu, nayo ikarudi mwilini ikiwa imepoa.

Laptopu hufanya vivyo hivyo. Juu ya prosesa pamelazwa bamba la shaba, na kutoka bamba hilo pana bomba bapa la shaba. Shaba huchaguliwa kwa kuwa hupitisha joto takriban mara tano kuliko chuma cha kawaida. Zaidi ya hayo, ndani ya bomba mna majimaji machache sana yaliyofungiwa humo. Upande wa prosesa majimaji huchemka yakawa mvuke, mvuke hukimbilia upande wa pili wenye baridi, hugeuka maji tena kama unavyoona chini ya kifuniko cha sufuria, kisha hurudi kuanza safari upya. Hiyo ndiyo damu. Mwisho wa bomba pana mapezi mengi membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Hayo ndiyo masikio. Na mbele ya mapezi pana feni ndogo inayovuta hewa baridi kupitia matundu ya chini na kuipuliza kupitia mapezi, itoke ubavuni au nyuma. Huko ndiko kupunga.

Ukielewa hivyo, utaelewa pia jinsi mambo yanavyoharibika. Kuna njia nne.

Kwanza, matundu yakizibwa na blanketi, godoro, mto au nguo, hewa haiingii. Ni kama kumfunga ndovu masikio.

Pili, vumbi likiingia kati ya feni na mapezi, hushikana likawa kama zulia. Feni itanguruma lakini hewa haipiti.

Tatu, kati ya prosesa na lile bamba hupakwa grisi ya kupitisha joto. Grisi hii huziba vijinafasi vidogo visivyoonekana. Miaka ikipita hukauka ikawa kama chaki, na joto likakwama pale pale lilipozaliwa.

Nne, hewa ya chumba yenyewe ikiwa moto. Joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, na kadiri tofauti inavyopungua ndivyo linavyosafiri polepole. Ndiyo maana Alhamisi alfajiri laptopu ilitulia na alasiri ikashindwa. Watengenezaji wengi hushauri laptopu itumike mahali pasipozidi nyuzi 35. Chini ya mabati yetu saa 9, hapo ni pembeni kabisa.

KUZIMIKA NI KUJIOKOA

Hili ndilo jambo ambalo sikulijua, na naomba kila msomaji alishike. Laptopu inayozimika kwa joto haijaharibika, inajilinda. Prosesa huwa na kipima joto ndani yake. Joto likipanda, kwanza feni huzunguka kwa nguvu. Likizidi, prosesa hujipunguzia mwendo, nawe utaona herufi zinachelewa kutokea na kila kitu kinakuwa kizito. Likipita kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi za laptopu ni kama nyuzi 100, yaani joto la maji yanayochemka, mashini hujikatia umeme ili isiungue.

Kwa hivyo dalili zilikuwepo. Feni ililia siku mbili nzima, nami nikamwambia mweka hazina, "Wacha, inasikia raha." Dalili ya mvua ni mawingu, wasomaji wangu.

Kuiwasha mara tu baada ya kuzimika, kama nilivyokuwa nikifanya, ni sawa na kumwamsha aliyezirai juani na kumwambia akimbie tena. Iache ipoe kwanza.

KWA FUNDI

Jaribio la Ijumaa lilituambia kwamba blanketi si kosa lote. Hata ikiwa imeinuliwa, laptopu ilizimika baada ya dakika 65. Jumamosi mwalimu akanipa ruhusa, nikaenda naye kwa mzee mmoja fundi wa redio na simu, karibu na soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Imefanyaje?"

Nikampa daftari. Alilisoma lote bila kusema kitu, kisha akamtazama mwalimu. "Watu huniletea mashini wakisema tu imekufa. Huyu ameniletea cheti cha hospitali."

Aliizima kabisa, akachomoa chaja, akafungua skrubu za chini akizipanga juu ya karatasi kwa mpangilio zilivyotoka, kwa sababu hazilingani urefu. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya kufunua ni kuchomoa waya wa betri. Kisha akaniita. "Njoo uone." Kati ya feni na mapezi palikuwa na kipande cha vumbi jekundu, kinene kama sweta. Alikibandua kwa koleo ndogo kikatoka kizima. Nilikishika mkononi. Miaka yote ya ofisini na ya Voi ilikuwa mle.

Feni aliisafisha kwa brashi laini iliyo kavu, akishikilia mbawa zake kwa kijiti ili zisizunguke. Alieleza kuwa ukiipuliza feni kwa nguvu ikazunguka kwa fujo, unaweza kuiharibu. Baadaye akaondoa lile bamba la shaba, akaifuta grisi kavu kwa kitambaa chenye spiriti, akaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Nikamwambia aongeze. Akakataa. "Hii si siagi ya mkate. Ikizidi inazuia badala ya kupitisha."

Alipomaliza tuliiwasha juu ya meza yake, katikati ya joto la adhuhuri. Ilikaa saa mbili bila kuzimika, na feni haikusikika ila ukiinama.

HATUA ZA KUFUATA

Wewe msomaji, laptopu yako ikianza kuzimika, fuata utaratibu huu. Zimepangwa kuanzia isiyo na gharama hadi yenye gharama.

1. Okoa kazi yako kwanza. Bonyeza Ctrl na S kila umalizapo aya moja, na nakili kila kitu kwenye flashi jioni. Wala usitupe karatasi ya mkono mpaka uwe na nakala mbili.

2. Andika daftari kama langu kwa siku tano. Fundi yeyote atakushukuru.

3. Iweke juu ya kitu kigumu, bapa, kisicho na kitambaa. Iinue kwa vifuniko vya soda au vijitabu chini ya pembe zake, bila kuziba matundu. Usiitumie kitandani.

4. Weka mkono penye tundu la kutolea hewa. Ikitoka hewa ya moto kwa nguvu, feni inafanya kazi. Kama laptopu ni moto na hewa haitoki, basi feni imekufa au njia imezibwa.

5. Punguza kazi. Funga programu usizotumia. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona ni programu gani inayoitumikisha prosesa zaidi. Pia, katika mipangilio ya umeme ya laptopu nyingi kuna kiwango cha juu cha prosesa. Kukishusha kutoka asilimia 100 hadi 99 mara nyingi huizuia kujiongezea kasi, na joto hupungua.

6. Safisha vumbi. Kama hujawahi kufungua laptopu, mpe fundi, wewe utazame ujifunze. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina majimaji.

7. Kama vumbi limetoka na bado inazimika, mwambie fundi abadilishe grisi, au feni ikiwa imechoka.

Pia kuna mambo ya kukatazwa kabisa. Usiitie laptopu kwenye friji. Ukiitoa, unyevu wa hewa utageuka matone ya maji ndani yake kama unavyoona kwenye chupa ya soda baridi, na maji na umeme si marafiki. Usiifunike kwa kitambaa cha maji. Na kama utaona chini pamevimba, au kibodi imeinuka, au kifuniko hakifungi sawasawa, huenda betri imevimba. Izime, usiichaji, usiibonyeze wala kuitoboa. Betri ya namna hiyo inaweza kushika moto. Mpelekee fundi siku hiyo hiyo.

IKIWA SI JOTO

Si kila kuzimika ni joto, na ndiyo maana tunapima. Laptopu ikizimika ikiwa bado baridi, dakika ya kwanza tu, mara nyingi joto halina kosa. Ikizimika mara tu unapochomoa chaja, tazama betri. Ikitoa ukurasa wa buluu wenye maandishi kabla ya kujiwasha upya, yaandike maandishi hayo. Mara nyingi ni kasoro ya kumbukumbu au ya programu. Na tusiwaonee wenye kutaja virusi pia: vipo virusi vinavyoitumikisha prosesa kwa siri mpaka ikapata moto. Lakini virusi vina kipimo chake. Havithibitishwi kwa kumtazama mtu usoni.

NILIVYORUDI KWA MWENZANGU

Wasomaji, kuitengeneza laptopu ilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kumwendea yule kijana. Nilimkuta nyuma ya bweni akifua sare. Nikamweleza yote: blanketi, vumbi, daftari. Alisikiliza huku akikamua shati. Nilipomaliza aliniuliza, "Katibu, si ungeniuliza tu?"

Swali hilo bado sijalijibu.

Katika mkutano uliofuata nilisimama, nikasoma kumbukumbu nilizokuwa nimeziandika, kisha nikasoma daftari mstari kwa mstari. Nikaomba maneno yale yafutwe na jina lake litakaswe. Wanachama wote waliinua mikono. Mweka hazina naye akaomba radhi. Kijana hakuja mkutano huo, wala uliofuata. Alikuja wa tatu, akaketi nyuma.

Kati ya mashairi yake mawili, moja alilikumbuka kwa moyo, akaliandika upya, nalo limo katika gazeti hili. La pili alikumbuka ubeti wa kwanza tu. Lililobaki lilipotea, na hakuna fundi wa kulirudisha. Yeye ndiye mtunza laptopu wetu sasa, kwa kura, na lile daftari analo. Blanketi lilirudi kitandani kwangu.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Nilichojifunza ni hiki: kitu kikikusumbua, kipime kabla ya kumtafuta wa kumlaumu, na anza kupima pale ulipoweka mkono wako mwenyewe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini jaribio la Jumanne lilitosha kuiondolea hatia flashi ya yule kijana?

2. Linganisha masikio ya ndovu na sehemu za laptopu zinazotoa joto. Ni sehemu gani iliyo sawa na damu?

3. Mwandishi alibadilisha vitu viwili kwa pamoja kati ya Jumatatu na Alhamisi. Vitaje, kisha ueleze kwa nini si haki kuzilinganisha siku hizo mbili peke yake.

4. Taja dalili mbili zilizotangulia kuzimika ambazo katibu angezijali, mashairi yasingepotea.